Kapata vyuo viwili, mkopo bado: Familia ichagueje?

KILA mwaka, kati ya mwishoni mwa Agosti na Septemba, simu za familia nyingi za Mbagala, Chamazi, Tegeta, Bunju na Kigamboni huingia ujumbe unaosubiriwa kuliko wa muamala. Mtoto aliyemaliza kidato cha sita amechaguliwa chuo kikuu. Na kwa baadhi, ujumbe hauji mmoja. Amechaguliwa vyuo viwili, wakati mwingine vitatu.

Hapo ndipo furaha inapogeuka kuwa kikao. Baba anataka hiki, mama anataka kile, mjomba anapiga simu kutoka Morogoro kusema lake, na mtoto mwenyewe amekaa pembeni ya kochi anaangalia simu. Siku za kuamua ni chache, na chuo kinachotakiwa ni kimoja tu.

Wazazi wengi hudhani ugumu uko kwenye kulinganisha vyuo. Kumbe ugumu wenyewe uko kwenye kalenda. Familia inatakiwa kuchagua chuo mwezi Septemba, wakati majina ya waliopata mkopo kwa kawaida huanza kutoka Oktoba. Yaani uamuzi unatangulia fedha. Kuna njia ya kuamua vizuri hata hivyo, lakini inahitaji kuanza mapema kuliko usiku wa mwisho.

Namba ya siri ni ya nani?

Tangu mwaka wa masomo 2017/18, waombaji wa shahada ya kwanza nchini hutuma maombi moja kwa moja kwenye vyuo wanavyovitaka, badala ya mfumo mmoja wa pamoja uliokuwa ukiendeshwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Faida yake ni kwamba kijana anaweza kuomba vyuo kadhaa na kila kimoja kikamchagua. Hasara yake ni kwamba kijana mmoja anaweza kushikilia nafasi tatu huku mwenzake akikosa hata moja.

Ndiyo maana aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja. TCU humtumia namba maalumu ya siri kwa ujumbe mfupi, kupitia namba ya simu au barua pepe aliyoijaza wakati wa kuomba. Anaiingiza namba hiyo kwenye mfumo wa udahili wa chuo anachokitaka, na nafasi nyingine zinaachiwa. Asiyepata ujumbe kwa wakati huingia kwenye mfumo wa chuo husika na kuomba atumiwe.

Maneno “namba ya simu aliyoijaza wakati wa kuomba” yanaonekana madogo, lakini yameshawatesa wengi. Dirisha la maombi hufunguliwa Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka. Kipindi hicho vijana wengi wako kwenye kambi za JKT kwa mujibu wa sheria, ambako simu si kitu cha kushika muda wote. Anayejaza fomu ni baba, kaka, au kijana wa stationery ya mtaani anayelipwa kwa kazi hiyo. Namba inayoandikwa mara nyingine ni ya huyo aliyejaza.

Septemba inapofika, ujumbe unakwenda kwenye simu ambayo mwenye chuo hanayo. Ikiwa ni ya baba, baba anaweza kuthibitisha anachokipenda yeye. Ikiwa ni ya kijana wa stationery, familia inaanza kumtafuta, na huenda laini yenyewe ameshaibadilisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mzazi ambaye mtoto wake ataomba mwaka huu halina gharama kubwa. Sajili laini ya mtoto au tumia namba ya mzazi inayopatikana siku zote, tengeneza barua pepe ya mtoto mwenyewe, na andika nywila zote kwenye daftari linalokaa ndani ya nyumba. Anayesaidia kujaza asaidie kujaza tu. Asibaki na funguo.

Kuamua kabla ya kujua

Hali ya kuamua kabla ya kujua fedha haiko Tanzania peke yake. Marekani kuna vyuo vikuu vinavyopokea maombi ya mapema yenye masharti ya kujifunga. Kijana huchagua chuo kimoja anachokitaka kuliko vyote, huomba kwa kawaida kabla ya tarehe 1 au 15 Novemba, na yeye, mzazi na mshauri wa shule husaini kwamba akikubaliwa atakwenda hapo na kuondoa maombi yake kwingine. Majibu hutoka karibu na katikati ya Desemba.

Lawama kubwa dhidi ya utaratibu huo ni kwamba familia yenye fedha inaweza kujifunga bila hofu, wakati familia isiyo nazo inajifunga kabla ya kulinganisha misaada ambayo vyuo vingine vingetoa. Ndiyo maana upo mlango wa kutokea: msaada wa fedha usipotosha, familia inaweza kuomba kuachiwa.

Mzazi wa Chamazi anaijua hofu hiyo hata kama hajawahi kusikia habari za maombi ya Marekani. Tofauti ni kwamba hapa kijana hujifunga baada ya kuchaguliwa, si kabla. Lakini swali ni lile lile: tutakimudu chuo hiki kama mkopo ukija pungufu?

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hutoa mkopo kwa kupima uhitaji wa mwombaji. Mmoja hupata karibu vyote, mwingine hupata sehemu, mwingine hukosa katika awamu ya kwanza na kupata katika awamu inayofuata au baada ya rufaa. Vipengele vyake ni pamoja na ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo na mafunzo kwa vitendo. Fedha ya chakula na malazi, ambayo vijana wanaiita “bumu”, ilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23.

Sh10,000 kwa siku ni Sh300,000 kwa mwezi wa siku 30. Kwa familia nyingi za pembezoni mwa jiji hicho si kiasi cha kudharau. Lakini fedha hiyo hutolewa kwa mafungu, na mwanafunzi hufika chuoni, husajiliwa na husaini kabla haijaingia. Wiki za mwanzo ni za mfuko wa nyumbani, hata kwa aliyepata mkopo kamili.

Chang'ombe au Dodoma?

Chukua mfano wa familia ya Chamazi. Ni familia ya kufikirika, lakini wapo wengi wanaofanana nayo. Baba ni seremala, mama ana genge, na binti yao amemaliza tahasusi ya PCB. Amechaguliwa shahada ya sayansi na elimu katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE), kilichopo Chang'ombe, Temeke. Amechaguliwa pia shahada ya uuguzi katika Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM).

Kikao kinapoanza, hoja ya kwanza ni jina. Jirani anasema DUCE ni chuo kidogo. Hapo inafaa kuweka sawa: DUCE ilianzishwa mwaka 2005 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na anayehitimu hapo hutunukiwa shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. UDOM nayo ilianza mwaka 2007 na ni chuo cha umma. Vyote viwili vinatambuliwa. Kwa familia hii, jina halina cha kuamua.

Hoja ya pili ni umbali, na hapa wazazi wengi hukata shauri haraka. Chang'ombe ni karibu, atakaa nyumbani, hatalipa chumba, tutamwona kila siku. Dodoma ni mbali, zaidi ya kilomita 400.

Lakini karibu nako kuna bei. Tuseme nauli ya kutoka Chamazi hadi Chang'ombe na kurudi, kwa kubadilisha magari, inamtoka Sh2,400 kwa siku. Kwa siku tano za masomo ni Sh12,000. Kwa muhula wa wiki 15 ni Sh180,000, na kwa mihula miwili ni Sh360,000. Upande wa pili, treni ya mwendokasi ya SGR iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 ilianza na nauli ya daraja la kawaida ya Sh31,000. Kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka ni Sh124,000. Kwa nauli peke yake, wa nyumbani anatumia zaidi ya wa Dodoma.

Kinachomfanya wa Dodoma awe ghali ni chakula na mahali pa kulala. Tuseme akijibana anatumia Sh7,000 kwa siku kwa chakula na mahitaji madogo. Kwa mwezi ni Sh210,000, hapo hosteli bado. Wa Chamazi anakula asubuhi na jioni nyumbani, kwa hiyo siku ya masomo anahitaji nauli ya Sh2,400 na labda Sh2,500 ya mchana. Kwa siku 22 za mwezi ni Sh107,800. Tofauti ni kama Sh100,000 kwa mwezi.

Namba hizi ni za mfano. Kila nyumba iweke zake, kwa nauli ya kituo chake na bei za mahali chuo kilipo. Muhimu ni kwamba baada ya hesabu, swali la “karibu au mbali” limegeuka kuwa swali linalojibika: je, nyumba hii inaweza kubeba Sh100,000 zaidi kila mwezi, na kwa miezi mingapi?

Gharama isiyoandikwa

Kuna gharama ya nyumbani ambayo haiko kwenye daftari lolote. Anayesoma akitokea Chamazi, Chanika au Bunju anaweza kutumia saa tatu au nne kwa siku njiani, na siku za mvua zaidi ya hapo. Kipindi cha saa moja asubuhi maana yake ni kuamka saa kumi za usiku. Maktaba anaiacha mapema ili asichelewe gari, na kazi za vikundi za jioni zinamkosa.

Kwa binti, kuna na jingine. Akiwa nyumbani, yeye bado ni mtoto wa kike wa nyumba hiyo. Anarudi saa moja jioni, anakuta vyombo, maji na wadogo zake. Kaka yake akichaguliwa Dodoma, mara nyingi familia huona ni kukomaa kwa mwanaume. Yeye akichaguliwa Dodoma, huonekana ni kumwachia. Wazazi wanaochagua chuo cha karibu kwa ajili ya usalama wa binti wana haki ya kuwa na hofu hiyo, lakini wanapaswa pia kumpa saa za kusoma zinazolingana na alizonyimwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayelala saa sita usiku kwa sababu ya vyombo na kuamka saa kumi kwa sababu ya foleni hajasaidiwa na ukaribu.

Na wa mbali ana gharama zake. Akiugua, hakuna wa kumchemshia uji. Bumu likichelewa, hakuna sufuria la nyumbani. Mwezi wa kwanza peke yake ndio unaowavunja wengi, hasa ambao hawajawahi kusoma bweni.

Hesabu tatu za mkopo

Kwa kuwa jibu la mkopo huwa halijatoka, familia inaweza kufanya hesabu tatu kwa kila chuo, kwenye karatasi moja.

Ya kwanza ni kama mkopo umekuja kamili. Hapo vyuo vyote viwili vinawezekana, na kinachobaki ni wiki za mwanzo: nauli, godoro, vyombo, malipo ya usajili, kitambulisho, bima ya afya na chakula mpaka fungu la kwanza liingie.

Ya pili ni kama mkopo umekuja nusu. Hapo familia itafute kiasi kitakachopungua kwa mwezi na iandike nani atakilipa. Si “mjomba atasaidia.” Ni mjomba yupi, shilingi ngapi, tarehe ngapi. Ahadi za kwenye simu siku ya matokeo ni tamu, lakini wengi waliozitoa huwa na watoto wao wanaofungua shule Januari.

Ya tatu ni kama mkopo umekosekana kwa muhula mzima wa kwanza. Hii ndiyo hesabu inayoogopwa na ndiyo inayoamua. Ada ya kozi nyingi za vyuo vikuu vya umma huanzia karibu Sh1 milioni kwa mwaka, na vyuo vingi huruhusu kulipa kwa mafungu. Je, nyumba ina fedha ya fungu la kwanza na ya kuishi hadi Februari? Mama ana kikoba, lakini vikoba vingi huvunjwa Desemba, na chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Wanaojua hilo mapema wanaweza kuomba mkopo wa kikundi kabla, badala ya kumwendea mkopeshaji wa riba mtoto akiwa ameshafunga begi.

Chuo kinachopita hesabu ya tatu, hata kwa kujibana, kinafaa kuthibitishwa. Chuo kinachopita ya kwanza tu ni bahati nasibu.

Kuna hesabu nyingine ya mbele zaidi. Mkopo ni deni. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, lakini mnufaika aliyeajiriwa bado hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka amalize. Kwa mshahara wa Sh800,000, makato ni Sh120,000 kila mwezi. Shahada ya elimu ni ya miaka mitatu, ya uuguzi ni ya miaka minne. Mwaka mmoja wa ziada ni mwaka wa deni na mwaka wa kuchelewa kuanza kazi. Si sababu ya kuukataa uuguzi, ila uandikwe kwenye karatasi pamoja na mengine.

Kozi ina mlango wake wa kutokea

Baada ya fedha, swali kubwa ni kozi. Na swali la kozi halijibiwi kwa “ina ajira au haina.” Linajibiwa kwa kuuliza: siku ya kumaliza, mhitimu anatoka kwa mlango gani?

Anayemaliza shahada ya uuguzi hufanya mafunzo ya utarajali ya mwaka mmoja, kisha husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndipo aruhusiwe kufanya kazi hiyo. Anaweza kuajiriwa serikalini, hospitali za mashirika ya dini au binafsi. Kwa mwalimu, njia ya serikalini siku hizi inapita kwenye usaili. Januari 2025 walimu walioomba ajira walifanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, jambo ambalo waliowatangulia hawakulizoea. Mwalimu wa sayansi na hisabati ana soko pia kwenye shule binafsi na masomo ya ziada.

Hakuna mlango rahisi kati ya hiyo miwili. Lakini anayejua mlango wake mapema hujiandaa, na asiyejua hushtukia akiwa na joho.

Mfano mwingine ni wa Tegeta. Kijana wa PCM amechaguliwa uhandisi wa ujenzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ukadiriaji majenzi Chuo Kikuu Ardhi. Vyuo hivi ni majirani. Nauli ni ile ile, foleni ya Mwenge ni ile ile, miaka ni minne kwa minne. Familia iliyozoea kuchagua kwa umbali na gharama hapa inakwama, na mara nyingi huangukia jina kongwe.

Lakini kijana huyu hachagui kati ya majina. Anachagua kati ya kazi mbili tofauti zinazokutana kwenye jengo moja. Mhandisi atasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mkadiriaji majenzi, anayehesabu gharama, zabuni na mikataba ya ujenzi, atasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kwa Sh2,000 ya nauli, kijana anaweza kwenda kwenye jengo linalojengwa Mwenge au Bunju, akaomba dakika kumi na mmoja wa kila kazi na kuuliza siku yao inakwendaje. Dakika hizo zitamsaidia kuliko mabishano ya wiki nzima.

Kwa yule ambaye hata mtu wa kuuliza hana, mwongozo wa udahili wa TCU unapatikana bure kwenye tovuti ya tume. Unaonyesha kozi, masharti ya kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Ni nyaraka ndefu kusoma kwenye simu, lakini ukurasa unaohitajika ni wa vyuo viwili tu.

Kanuni ya kukatia

Siku zikibaki mbili, familia inahitaji kanuni. Wenye uzoefu wa vikao hivi wanajua kwamba hoja zikiwa kumi, mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Mambo matatu yanatosha, kwa mpangilio huu.

Kwanza kozi. Kama kozi ni tofauti, na kijana anaitaka moja kweli, hiyo ndiyo ya kuanza nayo, hata kama iko mbali. Miaka mitatu kwenye kozi asiyoitaka ni ghali kuliko treni ya Dodoma.

Pili muhula wa kwanza. Kozi anayoitaka ithibitishwe ikiwa nyumba inaweza kumvusha muhula wa kwanza bila mkopo au kwa mkopo nusu. Ikishindikana kabisa, chuo cha karibu kinachukua nafasi yake bila lawama.

Tatu ukaribu. Kama kozi ni ile ile kwa vyuo vyote viwili, na vyote vinatambuliwa, cha karibu kinashinda, mradi kijana apewe muda wa kusoma.

Jina la chuo halimo. Linaweza kuingia mwisho, pale mengine yote yakilingana.

Kwa binti wa Chamazi, maana yake ni kwamba swali la kwanza kwenye kikao si la baba wala la mjomba. Ni lake: anataka kuwa nesi au mwalimu? Akijibu uuguzi, kikao kinahama kutoka “aende au asiende” na kuwa “Sh100,000 kwa mwezi hadi Februari itatoka wapi.” Hilo ni swali ambalo seremala na mwenye genge wanaweza kukaa na kulifanyia kazi. Akijibu ualimu, hakuna tena mabishano. Na akijibu kwamba hajui, basi asiachwe apige kura ya ndiyo kwa kumridhisha baba. Apewe siku moja ya kwenda Temeke Hospitali ya Rufaa kuzungumza na nesi, na siku nyingine ya kumtafuta mwalimu wake wa biolojia.

Mwenye chuo ndiye athibitishe

Mzazi anayelipa ana sauti, na mila za hapa hazimnyimi. Lakini kuna tofauti kati ya kusema na kubonyeza. Kijana aliyethibitishiwa chuo bila kujua huwa na sababu ya kila kushindwa: mlinichagulia nyie. Aliyethibitisha mwenyewe, baada ya kusikiliza na kuiona karatasi ya hesabu, hana wa kumsingizia, na wengi hujituma zaidi kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo siku ya kuthibitisha, simu iwe mkononi mwake. Wazazi wakae pembeni, namba ya siri iingizwe na mwenye chuo, na picha ya skrini ihifadhiwe. Namba hiyo asipewe mtu mwingine yeyote, na hakuna wakala anayehitaji kulipwa kwa kazi hiyo. Yakitokea matatizo, pa kuanzia ni chuo husika.

Ikiwa baada ya hapo mambo yamebadilika, bado kuna njia, ingawa ni nyembamba. Kwenye mkopo kuna dirisha la rufaa, na nyaraka ndizo zinazobeba hoja: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo cha mzazi kama yupo aliyefariki, namba ya kaya kwa wanufaika wa TASAF. Kwenye chuo kuna kipindi cha uhamisho, kutoka kozi moja hadi nyingine au chuo kimoja hadi kingine, kwa aliye na sifa za kozi anayoitaka na ikiwa nafasi ipo. Lakini anayethibitisha huku akitegemea kuhama anapanga safari mbili kwa nauli ya moja. Mkopo pia lazima umfuate, na kuufuatilia huchukua muda huku wenzake wakiwa darasani.

Familia ambazo watoto wao wataingia kidato cha sita mwakani zina nafasi nzuri kuliko zote. Laini inaweza kusajiliwa sasa. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kuhakikiwa sasa, kabla ya foleni za Julai. Kikoba kinaweza kuulizwa sasa kama kinatoa mkopo mwezi wa kumi. Na jioni moja, umeme ukiwa umekatika na televisheni imezima, mtoto anaweza kuulizwa swali ambalo wengi huulizwa siku mbili kabla ya dirisha kufungwa: kazi gani ungependa kuifanya kila siku, hata siku ambayo umechoka?